Faili la mashaka kwenye flashi: Defender, VirusTotal, chumba cha majaribio, au simu kwa aliyetuma?

Msimu wa korosho ukianza, mwezi wa kumi hivi, steshenari yangu hapa Mtwara mjini hujaa makarani wa vyama vya msingi vya ushirika. Wanakuja na flashi wamezivaa shingoni kama vitambulisho, wanataka kuprinti orodha za wakulima, fomu, barua za kupeleka chama kikuu. Mwaka jana kijana mmoja wa upande wa Tandahimba alisimama kaunta akaniambia, "Kaka, nitolee hii kopi mbili, gari linaondoka saa saba."

Nikachomeka flashi. Ndani kulikuwa na faili lenye picha nyekundu ya PDF. Kwake lilikuwa likisomeka Orodha_ya_Malipo_Mnada.pdf. Kompyuta yangu nimeipanga ionyeshe majina mpaka mwisho, kwa hiyo mimi nililiona hivi: Orodha_ya_Malipo_Mnada.pdf.exe. Ile ni programu iliyovishwa kanzu ya hati.

"Umelitoa wapi hili?"

"Lilikuja kwenye barua pepe ya chama, kuna kiungo, nikashusha. Ofisini liligoma kufunguka, likaandika faili limeharibika. Nikasema labda PDF ya pale ni mbovu, ngoja nijaribu mjini."

Gari la saa saba lilimwacha. Faili lile tulilipima kwa njia zote nne ninazozijua, na ndilo nitakalolitumia hapa kulinganisha, kwa sababu watu huniuliza kila wiki ipi bora na mimi huwajibu kwa swali: una bando kiasi gani, na ndani ya faili kuna siri ya nani?

Ninavyozipima njia

Nina vigezo vinne. Cha kwanza ni bando na umeme: njia inayotaka MB 200 kila mara haimsaidii mwalimu wa Liwale anayegawana intaneti ya simu. Cha pili ni siri, yaani faili linakwenda wapi unapolipima na nani mwingine ataliona. Cha tatu nakiita jicho: njia hiyo inaweza kuona kirusi kilichotengenezwa jana, au inajua vya zamani tu? Cha nne ni muda na ujuzi, maana kuna mtu mwenye jioni nzima ya kuchunguza na kuna mtu ambaye mteja kamsimamia.

Kuna jambo moja linalotangulia yote na halina gharama. Windows, ikitoka kiwandani, huficha mkia wa jina la faili. Fungua dirisha la mafaili, nenda kwenye View (Windows 11: View, kisha Show), weka tiki palipoandikwa File name extensions. Basi. Kuanzia hapo ukiona exe, scr, bat, vbs au js mwishoni mwa kitu ulichoambiwa ni barua au picha, umeshapata nusu ya jibu. Ujanja huu ni mzee. Mei 2000 kirusi kilichoanzia Ufilipino kilizunguka dunia kikiwa na jina LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT.vbs, na waliokibonyeza waliona TXT tu.

Dada yake ujanja huo ni ile flashi ambayo folda zote zina kimshale kidogo kwenye kona na kila moja ina KB 1 au 2. Folda haiwi na ukubwa wala kimshale. Hizo ni njia za mkato: kirusi kimezificha folda zako za kweli na kuweka vibao vinavyokielekea chenyewe. Wengi wanaoniletea flashi ya namna hiyo hudhani vitu vyao vimefutwa, na vingi vipo.

Flashi ina ubaya mwingine usiozungumzwa. Faili likishushwa kutoka intaneti, Windows hulibandika alama isiyoonekana ya kusema "huyu katoka nje", na ndiyo maana ukilifungua unapata onyo. Alama hiyo inakaa kwenye diski za mfumo wa NTFS. Flashi nyingi za mtaani ni za mfumo mwingine, FAT32, hazina pa kuiweka. Kwa hiyo faili lililoshushwa ofisini, likapita kwenye flashi, linafika kwangu halina alama, na kompyuta yangu inalipokea kama mwenyeji. Huku kwetu ambako mafaili husafiri kwa flashi na bodaboda kuliko kwa intaneti, onyo hilo mara nyingi hatulioni kabisa.

Njia ya kwanza: antivairasi iliyomo kwenye kompyuta

Kwa Windows 10 na 11 hiyo ni Microsoft Defender, imo tayari, huilipii. Bonyeza faili kwa kitufe cha kulia, mara moja tu, uchague kulipima kwa Defender.

Bando na umeme: kupima kwenyewe hakuli chochote. Kinachokula ni kuapdeti orodha ya virusi, ambayo Microsoft huitoa mara kadhaa kwa siku. Mwenye kompyuta tatu anaweza kushusha furushi zima la orodha mara moja kutoka tovuti ya Microsoft (faili linaitwa mpam-fe.exe, lina zaidi ya MB 100), kisha akalipeleka kwenye kompyuta nyingine kwa flashi safi. Mimi hufanya hivyo Jumapili usiku. Tunaozikumbuka siku za Mei 2024, nyaya za chini ya bahari zilipoharibika na intaneti ikasuasua nchi nzima, na huku barabara ya Dar nayo mvua imeshaikata upande wa Lindi, tunajua thamani ya kifaa kisichongoja mtandao.

Siri: hapa Defender iko juu. Faili linapimwa hapohapo ulipo. Kuna swichi ya kutuma sampuli za mafaili yanayotiliwa shaka kwa Microsoft. Kwa kawaida inauliza kwanza pale inapodhani faili lina taarifa za mtu, na asiyeitaka kabisa huizima.

Jicho: inajua vizuri kilichokwisha kujulikana. Ikiwa na intaneti huuliza pia makao makuu juu ya vitu vigeni, ikiwa haina hutegemea orodha ya mara ya mwisho. Sasa nikiri aibu yangu. Siku ile ya karani orodha yangu ilikuwa na umri wa wiki tano, kwa sababu ule utaratibu wa Jumapili nilikuwa sijauanza. Defender ikasema hakuna tatizo. Nikaiunganisha na simu, nikaapdeti, nikapima tena. Hakuna tatizo. Lawama siwezi kuitupia Defender, kama utakavyoona mbele, lakini kama ningeishia hapo ningeprinti. Yaani ningebonyeza.

Muda na ujuzi: sekunde chache, na hata mwanafunzi wa kidato cha pili anaweza.

Tatizo kubwa la njia hii mikoa yetu ni kwamba kompyuta nyingi zina Defender iliyolala. Fundi aliyeweka programu ya krak, yaani ya kulipia iliyovunjwa kufuli, aliizima ili krak iingie, akaondoka, mwenye kompyuta hajui. (Programu yoyote inayokuambia zima antivairasi kwanza ndipo uniingize, mimi huihesabu ya mashaka hata kabla ya kipimo.) Kuna njia ya kuijaribu kama iko macho: kuna maandishi ya majaribio yanayoitwa EICAR, herufi na alama 68 tu, hayana madhara yoyote, ila antivairasi zote zimekubaliana kuyakamata. Yatafute kwenye tovuti ya EICAR wenyewe, yahifadhi kama faili. Kompyuta ikikaa kimya, huna mlinzi, una kiti cha mlinzi.

Na mwenye Windows 7 ajue kwamba Microsoft iliacha kuihudumia Januari 14, 2020. Windows 10 nayo ilifikia ukingoni Oktoba 14, 2025. Defender yake bado inaletewa orodha mpya, lakini nyufa za Windows yenyewe hazizibwi tena bure kama zamani.

Inamfaa: kila mtu kama hatua ya mwanzo, na hasa mwenye mafaili ya siri au aliye mbali na mtandao. Haimtoshi anayetaka uhakika juu ya kitu kilichoingia leo.

Njia ya pili: VirusTotal

VirusTotal ni tovuti iliyoanzia Hispania mwaka 2004 na kununuliwa na Google mwaka 2012. Unaipa faili, inalipitisha kwenye injini za antivairasi zaidi ya 70 za kampuni mbalimbali, inakuletea majibu ya kila moja. Ni bure, inafunguka hata kwenye simu. Watu wakiisikia mara ya kwanza hudhani mjadala umeisha: antivairasi 70 dhidi ya moja! Ngoja kwanza.

Njia hii kwa kweli ni mbili, na tofauti yake ni kubwa.

Unaweza kuuliza kwa heshi. Heshi ni alama ya kidole ya faili. Hesabu iitwayo SHA-256 hulichukua faili lolote, dogo au kubwa, na kutoa mfuatano wa herufi na tarakimu 64. Ukibadilisha nukta moja ndani ya faili, mfuatano wote unageuka, na huwezi kulirudisha faili kutoka kwenye heshi yake. Maana yake unaweza kuwauliza "mnamjua huyu?" bila kuwaonyesha uso. Kwenye Windows fungua Command Prompt, andika certutil -hashfile, acha nafasi, shika faili kwa kipanya ulivute mpaka ndani ya lile dirisha jeusi (unavuta, hubonyezi mara mbili), acha nafasi tena, andika SHA256, kisha Enter. Mstari unaotokea unakili, uubandike kwenye sehemu ya kutafuta ya VirusTotal.

Au unaweza kulipakia faili lenyewe.

Bando: heshi haina uzito, unalipia kufungua ukurasa tu, MB chache. Kupakia kunakula ukubwa wa faili. La MB 2 si neno, la MB 300 fikiria mara mbili. Tovuti hupokea mpaka MB 650.

Siri: hapa ndipo ninapogombana na watu. Faili ukilipakia VirusTotal halirudi kwako. Linagawiwa kwa kampuni za antivairasi, na wateja wanaolipia huduma wanaweza kulishusha na kulifungua. Hilo si kosa lao, wameliandika wazi, na ndivyo dunia inavyojifunza virusi vipya. Lakini niliwahi kumkuta mtumishi wa ofisi moja, siitaji, anapakia orodha ya wagonjwa ya Excel kwa sababu "ilikuwa inafunguka polepole". Majina, umri, namba za simu, ugonjwa. Nikamwambia, bibie, hiyo ni sawa na kuibandika kwenye ubao wa matangazo Soko Kuu. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na orodha ile haikuwa yake kuitoa. Heshi peke yake haina shida hiyo.

Kipimo changu ni rahisi: programu, yaani exe, apk (programu ya simu za Android) na jamaa zao, iliyotoka kwa mtu usiyemjua, pakia, siri iliyomo si yako. Hati ya Word, Excel au PDF ya kazini, uliza kwa heshi tu.

Jicho: ni kali, ila linahitaji msomaji. Heshi ya faili la karani ilirudi na jibu kwamba hakuna kitu kama hicho. Wengi hufurahi hapo. Jibu hilo maana yake ni kwamba hakuna aliyewahi kulipakia, na orodha ya malipo ya kweli ya chama kimoja nayo ingejibiwa hivyohivyo, kwa hiyo halisemi zuri wala baya. Kwa kuwa lilikuwa exe, nikalipakia. Injini 4 kati ya 70 na ushee zikapiga kelele. Nyingine zote kijani, ikiwemo ya Microsoft.

Sasa 4 kati ya 70 ni nini? Mtu wa haraka atasema asilimia ndogo, safi. Mimi huangalia mambo mawili zaidi. La kwanza ni tarehe ya kuonekana mara ya kwanza. Faili lililojulikana tangu 2015 na bado injini 2 tu zinalalamika, mara nyingi hizo 2 zimekosea. Faili lililoonekana leo dakika hii na tayari 4 zinalalamika, ni motoni. La pili ni majina zinayoyatoa: zikitaja aina moja ya kirusi kwa sauti moja ni tofauti na kila moja kusema "linatia shaka" kwa lugha yake. Kesho yake mchana nilibandika heshi ileile. 29. Defender yangu nayo, baada ya kuapdeti asubuhi, ikalikamata bila kuulizwa. Kilichobadilika ni umri wake tu.

Kuna na upande wa pili. Mwalimu mmoja wa Nanyamba alikuwa na programu ndogo ya kujumlisha alama za wanafunzi, kaandikiwa na rafiki yake. VirusTotal: 2 kati ya 70. Programu za watu wadogo zisizo na saini ya mtengenezaji husingiziwa sana. Ile ilikuwa safi, na nitasema nilijuaje.

Muda na ujuzi: dakika tano kupima, ila kusoma majibu kunataka uzoefu kidogo. Nyongeza moja: zip iliyofungwa kwa nywila, bila nywila hiyo haisomeki ndani, hapa wala kwa Defender. Ukiletewa zip na ujumbe wenye "nywila ni 1234", jiulize nywila hiyo inamficha nani, maana msomaji kapewa.

Inamfaa: mwenye programu ya mashaka isiyo na siri yake, mwenye apk aliyotumiwa WhatsApp, na mwenye hati ambaye ataridhika kuuliza kwa heshi. Haimfai mtunza nyaraka za watu akiwa na haraka.

Njia ya tatu: chumba cha majaribio

Hapa huulizi wengine wanasema nini juu ya faili. Unalifungua mahali ambapo haliwezi kuharibu, ukaangalia linafanya nini. Windows Sandbox ni chumba cha namna hiyo: dirisha lenye Windows mpya ndani ya Windows yako, na ukilifunga kila kilichotokea humo hufutika.

Bando na umeme: bando halihitajiki kabisa, ila umeme ukikatika katikati, kwa wenye kompyuta za mezani, kazi yote imepotea. Tumia laptopu yenye betri nzima.

Siri: kwa Windows Sandbox faili halitoki nyumbani. Zipo pia tovuti za kufanya kazi hiyo kwa niaba yako, kama ANY.RUN na Hybrid Analysis, lakini ukizitumia bure ripoti zake huonekana na wengine, kwa hiyo yale niliyoyasema juu ya kupakia yanarudi palepale.

Jicho: njia hii inaweza kuona kisichojulikana na yeyote, na hapo inazishinda zote. Usiku ule nyumbani Chikongola niliingiza faili la karani. Kabla ya kubonyeza nilikata mtandao wa chumba; kwa kawaida huwa wazi, na kirusi humo ndani kinaweza kuutumia kufikia kompyuta nyingine za nyumba. Nikabonyeza. Kikatokea kiboksi: faili limeharibika. Maneno yaleyale aliyoniambia karani. Nikabonyeza sawa, kiboksi kikaondoka, na kwa macho ya kawaida hapakuwa na kitu. Lakini kwenye Task Manager programu mpya ilikuwa bado inakimbia, jina lake linafanana na la Windows ila limezidishwa herufi moja, na kwenye orodha ya vinavyowaka kompyuta inapowashwa ilikuwa imeshajiandikisha. PDF iliyoharibika haijiandikishi popote.

Ile ya mwalimu wa Nanyamba nayo niliipitisha humo. Ikafungua dirisha lake baya la kijivu, ikajumlisha alama, nikaifunga, ikafa. Haikuacha mtoto. Kwa hiyo nikamwambia atumie, mradi asipokee toleo jipya kutoka kwa mtu mwingine.

Haya si ya kuyaamini kwa upofu. Vipo virusi vinavyojua viko chumba cha majaribio na kukaa kimya, au vinavyongoja siku. Ukiona ubaya, ni ubaya. Ukikosa kuuona, umekosa kuuona siku hiyo.

Muda na ujuzi: hapa wengi wanaachwa. Windows Sandbox haipo kwenye Windows ya Home. Inataka Pro, Enterprise au Education, RAM isiyopungua GB 4 (na kwa GB 4 utaota mvi, tafuta 8), na swichi moja ya ndani ya kompyuta, inayoitwa virtualization, iwe imewashwa. Mwenye Home anaweza kutumia VirtualBox, programu ya kutengeneza kompyuta ndani ya kompyuta, ni bure, lakini kuipanga ni kazi ya nusu siku. Na lazima ujue unachokitafuta kwenye Task Manager, la sivyo utakaa unatazama dirisha.

Inamfaa: fundi, mtu wa IT wa halmashauri au chuo, mwenye steshenari mwenye udadisi na laptopu ya akiba. Karani mwenye gari la saa saba, hapana.

Njia ya nne: mtu

Huwa inasahaulika kwa sababu haina jina la kigeni. Kumpigia aliyetuma, kwa namba uliyonayo wewe siku zote na si ile iliyoandikwa chini ya barua pepe hiyohiyo.

Bando halihusiki, unataka dakika tu. Siri haivuji. Jicho lake ni la ajabu: halioni kirusi kabisa, linaona uongo. Karani alipiga simu chama kikuu mbele yangu. "Habari za kazi, shikamoo mzee. Mmetutumia orodha ya malipo kwa barua pepe?" Akasikiliza. Akaniangalia. "Wanasema wao hawajatuma kitu tangu wiki iliyopita." Dakika mbili, na hilo lilitupa jibu kabla injini 29 hazijaamka.

Udhaifu wake ni kwamba mtumaji wa kweli anaweza kuwa ametuma kirusi bila kujua. "Ndiyo nimetuma mimi" inaondoa wezi, haiondoi flashi chafu. Kwa flashi inayozunguka na mitihani ya shule tano, kila mtu atasema ni ya kwake na ni kweli.

Kumpelekea fundi ni tawi la njia hiihii. Wapo mafundi wazuri hapa mjini, wapo Lindi, wapo Masasi. Ila wengi wao dawa yao ni moja: kufomati, yaani kufuta kila kitu na kuanza upya. Kwa kompyuta iliyokwisha kuugua inaweza kuwa sawa, kwa kujua kama faili ni salama haijibu chochote, na flashi yake inayokwenda kompyuta hadi kompyuta usiiruhusu iguse yako kabla hujaipima. Ukienda, mwambie unachotaka: "nipimie faili hili", usimwambie "nitengenezee".

Inamfaa: kila anayetumiwa faili lenye jina la ofisi au mtu anayemjua, na anayeishi kijijini ambako simu ndiyo kifaa pekee kilicho na chaji.

Kwa hali yako

Kama una steshenari na watu wanachomeka flashi mchana kutwa, Defender iliyoapdetiwa na mikia ya majina iliyo wazi ndiyo kazi yako ya kila siku. Heshi itumie kwa yale yanayokukuna. Chumba cha majaribio ni cha usiku, ukipenda. Na mafaili yako mwenyewe usiyaweke kwenye kompyuta ya wateja.

Kama ni mwalimu, muuguzi au mtendaji na faili lina majina ya watu: Defender, kisha simu kwa aliyetuma, kisha heshi. Usipakie. Shaka ikibaki, mwombe akutumie upya kwa njia nyingine.

Umeshusha programu au umetumiwa apk ya "mkopo wa haraka" kwenye kundi la WhatsApp? VirusTotal moja kwa moja, pakia tu, tena kwa simu hiyohiyo bila kuiweka. Ikionekana leo kwa mara ya kwanza, iache siku mbili uulize tena. Mkopo hautaoza.

Uko Nachingwea, mtandao unakuja na kuondoka, na faili ni kubwa: Defender kwa furushi la wiki hii, heshi ukipata mawimbi, na simu.

Una programu ya rafiki inayosingiziwa na injini mbili tatu: hapo ndipo chumba cha majaribio kinalipa ile nusu siku ya kukipanga.

Na kama umeshabonyeza, kama karani wangu, swali la njia ipi limekupita. Alipokata simu nilimwuliza kompyuta ya ofisi iko wapi. Imewaka, akasema, na barua pepe ya chama iko wazi. Tulimpigia mwenzake aliyeko ofisini: chomoa modemu, zima Wi-Fi, usichomeke flashi yoyote, usiingie benki wala barua pepe humo. Nywila zote tukazibadilisha kutoka kwenye simu yake, amekaa kwenye benchi langu. Defender ina kipimo cha kuiwasha kompyuta upya na kukagua kabla Windows haijaamka, huchukua kama dakika 15. Hicho nilimwandikia kwenye karatasi akakifanye kesho yake, baada ya orodha mpya kufika. Kilikamata vitu viwili. Mafaili ya wakulima yalinakiliwa kwenye diski ya nje yakiwa hati tu, bila programu hata moja, kisha ndipo fundi akaruhusiwa kufomati.

Jioni ile alipanda gari la saa kumi na moja. Flashi aliniachia.